Sayansi isiwe ya mtaa mmoja
Maneno kwa wazazi na walimu wa Katuba, Kenya na Annexe, komini (sehemu) za mji wa Lubumbashi, Kongo, yaliyoandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, waheshimiwa prefe, wakuu wa shule zetu, na wewe Bwana sous-proved, mkuu wa ofisi ya elimu ya hapa, uliyeacha mapumziko yako ya Jumamosi ukaja kuketi nasi: jambo yenu wote. Nawashukuru mapadri waliotupa ukumbi huu. Mmenipa nafasi ya kusema kama mwalimu wa fizikia katika shule ya serikali hapa Katuba, na pia kama mama mwenye watoto wanaosoma hapa. Nitasema juu ya jambo moja: katika mji wetu, ni mtoto wa nani anayepata kusoma sayansi kwa ukamilifu, na ni wa nani anayeikosa hata kama akili anayo.

Njia ya mtoto wetu mnaijua. Anasoma miaka sita ya msingi, anafanya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi. Anaingia la saba, kisha la nane. Mwisho wa la nane anafanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza. Hapo njia inagawanyika. Wengine wanaingia mchepuo wa sayansi, ule ambao nyumbani tungali tunauita math-physique na bio-chimie. Wengine wanaingia pédagogie (ualimu), commerciale (biashara), coupe-couture (ushonaji), umeme, mekanika. Baada ya miaka minne hiyo ya sekondari, tunayoiita humanités, wote wanakaa mbele ya Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, na pamoja na maswali ya watu wote, kila mmoja anapewa karatasi ya opsio yake, yaani mchepuo wake. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na minne, ambaye bado anatumwa sokoni kununua makaa, anafanya uamuzi utakaomfuata mpaka uzeeni. Na mara nyingi hata si yeye anayeamua. Anayeamua ni ukuta.

Nasema ukuta kwa sababu orodha ya opsio imeandikwa pale, kwa rangi, kando ya geti. Anzeni katikati ya mji, kwenye shule kubwa za zamani, zile za masista, za mapadri na za serikali zilizojengwa kwa matofali mekundu. Someni yaliyoandikwa: sayansi ipo, mara nyingi pamoja na opsio nyingine za maana. Shukeni hadi Kenya, vukeni Katuba, endeleeni mpaka Kisanga, Kasungami, Kalebuka. Kadiri barabara ya lami inavyokwisha, ndivyo neno sayansi linavyopungua kwenye kuta. Mtasoma pédagogie, mtasoma commerciale, mtasoma coupe-couture. Pengine mtasoma pia sayansi, rangi ikiwa bado mbichi, lakini mkiingia ndani mkauliza labo, yaani maabara, iko wapi, mtaonyeshwa chumba chenye madawati yaliyovunjika.

Sizidharau pédagogie wala commerciale. Walimu wa msingi wa nchi hii wametoka pédagogie, na mshonaji mwenye ujuzi analisha nyumba nzima. Ninachouliza ni kwa nini opsio hizo ziwe nyingi pale ambapo wazazi hawana pesa. Jibu ni jepesi: ni rahisi kuzifungua. Kwa pédagogie unahitaji chaki, ubao na mwalimu. Kwa sayansi unahitaji mwalimu aliyesoma fizikia au kemia mpaka chuo, unahitaji vyombo, unahitaji maji, unahitaji umeme usiokatika kila adhuhuri. Basi shule maskini inafungua kile inachoweza, na mtoto wa mtaa maskini anasoma kile kilichofunguliwa, halafu tunasema eti amechagua.

Mama mmoja wa Kisanga alinijia mwaka jana na matokeo ya binti yake. Hesabu nzuri sana, Kifaransa kizuri. Binti alitaka sayansi. Tangu la sita anasema atakuwa mganga wa hospitali. Shule ya karibu haina. Shule yenye sayansi iko mjini: taksibasi mbili kwenda, mbili kurudi, siku sita kwa juma. Mama anauza ndagala na mboga. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja, nyuma ya daftari la mtoto mwenyewe: nauli, minervali yaani ada ya shule, pesa ya labo ambayo shule za mjini zinaomba juu ya minervali, sare mpya. Nauli peke yake ilishinda vingine vyote. Na kulikuwa na jambo ambalo mama hakuliandika lakini alilisema mara mbili: shule ile inasomesha zamu mbili, na la kwanza la humanités liko zamu ya mchana, maana yake binti anafika Kisanga giza limeshaingia. Leo binti huyo yuko coupe-couture. Anashona vizuri. Lakini hakuna mtu katika serikali, katika kanisa, wala katika shule aliyekaa akaamua kwamba huyu hafai uganga. Ni nauli iliyoamua.

Nimesikia watu wakisema mambo yamekuwa hivi tangu zamani. Hapana. Yana historia, na sisi wenye mvi tunaijua.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya migodi Union Minière, na baadaye Gécamines, waliweka shule kwa watoto wa wafanyakazi wao. Baba zetu waliosoma shule za kambi wanakumbuka madaftari ya bure. Mpango ule ulikuwa na ubaguzi wake, tangu mwanzo ulimlea mtoto wa mfanyakazi na kumwacha wa jirani, sitaki kuupamba. Lakini mtoto wa fundi wa kambini aliweza kugusa vyombo vya kemia. Kisha Gécamines ikaporomoka. Mishahara ikakaa miezi na miaka bila kulipwa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Shule zilizosimama juu ya kampuni zilianguka pamoja nayo.

Huku nyuma, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ilikuwa imeacha kuwalipa walimu ipasavyo. Wazazi na wakuu wa kanisa wakakubaliana kwamba wazazi wachangie prime, yaani nyongeza ya mshahara, ili walimu warudi kazini. Ilikuwa dharura, na iliokoa shule zetu zisifungwe kabisa. Nawaheshimu waliofanya hivyo. Lakini angalieni ilizaa nini. Pale ambapo wazazi ni wakubwa wa ofisi na wafanyabiashara, prime ilikuwa nene. Pale ambapo wazazi ni wauza makaa, prime ilikuwa nyembamba. Mwalimu wa hesabu naye ana watoto. Alikwenda penye prime nene. Ikapita miaka thelathini hivyo, na kila mwaka shule yenye nguvu ikaongeza nguvu, shule dhaifu ikapoteza mwalimu mmoja zaidi. Zote mbili zinaitwa shule za serikali, zote mbili zinakaguliwa na wakaguzi wale wale, na watoto wake wanafanya Exetat ile ile, mtihani ambao nchi yetu imeufanya tangu mwaka 1967.

Mwaka 2019 msingi ulifanywa bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza katika kifungu cha 43. Ni jambo jema na nalitetea mbele ya yeyote. Madarasa yalijaa watoto ambao hapo awali walikaa nyumbani. Lakini ubure huo unaishia kwenye msingi. Kwenye humanités, mzazi bado analipa, na tofauti kati ya shule na shule iko pale pale.

Sasa niwapeleke ndani ya darasa langu kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanasikia neno labo na hawaoni tunapoteza nini ikikosekana.

Somo ni sheria ya Ohm. Programu inasema mwanafunzi apime mkondo wa umeme na volti, aandike namba, achore mstari, aone mwenyewe kwamba namba zinafuatana. Mimi ninachofanya ni kuchora. Nachora duara, naandika A ndani yake, nasema hii ni ampermita. Nachora duara jingine, naandika V, nasema hii ni voltmita. Natoa namba kichwani mwangu, wanafunzi wanaziandika, wanachora mstari ulionyooka kabisa, maana namba zangu hazina kosa. Namba za kweli zina makosa madogo, na ni hayo makosa madogo yanayomfundisha mtu kupima. Siku moja niliazima ampermita ya kweli kwa rafiki mmoja fundi umeme, nikaileta. Nilimwita mbele kijana wa mwaka wa mwisho, mwenye akili nyingi, aliyeweza kunieleza bila kusita kwamba ampermita inaunganishwa kwa mfululizo na voltmita kwa sambamba. Nikamwekea kile chombo mkononi. Akakigeuza juu chini, akatafuta, akaniuliza kwa sauti ya chini: Mama mwalimu, waya zinaingia wapi?

Kijana huyo alifaulu Exetat. Akaenda kujaribu mtihani wa kuingia Polytechnique pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), fakulte inayofundisha migodi na metalurjia kilomita chache tu kutoka kwetu. Akajikuta ameketi karibu na vijana ambao tangu miaka minne walikuwa wanashika vyombo, wenye walimu watatu wa hesabu katika shule moja. Hakupita. Alirudi kuniambia, akasema yeye ni mjinga. Nilikasirika sana siku ile, na hasira ile sijaiweka chini, kwa sababu kijana yule si mjinga hata kidogo.

Tuongee juu ya migodi, maana katika mkoa wetu wa Haut-Katanga huwezi kuongea juu ya shule bila kuigusa. Nchi yetu inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa ya madini hayo inatoka huku kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Kampuni zinatafuta wahandisi, wakemia, mafundi wa umeme, wapima ardhi. Na vijana wetu wa Katuba wanapata nini? Ulinzi wa geti, upakiaji wa magunia, au shimo la kuchimba kwa mikono. Kisha watu wanaanza kunong'ona kwamba kazi zimechukuliwa na wageni, na kwamba fulani katoka kabila fulani. Ndugu zangu, mji huu unajua maneno ya namna hiyo yalitufikisha wapi mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai walipofukuzwa. Tusiyarudie. Kazi haikuchukuliwa na kabila. Ilipotea siku mtoto alipofika la nane na shule yake haikuwa na opsio ya sayansi.

Pesa za migodi zipo kisheria. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, ile tunayoiita redevance, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini au sekta ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kila kampuni inatakiwa itenge asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wanaoishi karibu na mgodi. Sikilizeni vizuri sehemu ya tatu: kwa komini ambamo madini yanachimbwa. Komini yenye mgodi inaweza kupata kitu. Katuba haina mgodi. Kenya haina mgodi. Kamalondo pia haina. Watoto wa komini hizi wanavuta vumbi la malori yale yale, baba zao wanakwenda kufanya kazi kwenye migodi ile ile, lakini ile 15 haiwafikii. Kwa hiyo sisi tuelekeze macho yetu kwenye 25 ya mkoa. Hiyo ni ya wote.

Na hata pale pesa zinapofika, tazameni zinajenga nini. Kuta na paa, na rangi ya kampuni juu yake. Kuta ni vizuri, watoto wasinyeshewe. Lakini ukihesabu madarasa mapya bila kuuliza ndani yake kunafundishwa nini na nani, unaongeza vyumba vya pédagogie isiyo na mwalimu. Ningependa siku moja kuona mkataba wa kampuni na wanakijiji umeandikwa: mizani kadhaa, mikroskopu kadhaa, na malipo ya mafunzo ya walimu wa kemia.

Nageukia jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, na nalisema kwa heshima, hasa kwa wawakilishi wa makanisa walioketi hapa mbele. Shule zetu za umma zimegawanyika katika mikono mingi tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa. Kuna za serikali zenyewe, kuna za Wakatoliki, za Waprotestanti, na humo ndani mkiwamo Wamethodisti na Wagarenganze, kuna za Wakimbangu, kuna za Waislamu. Makanisa yamefanya kazi kubwa. Bila hayo, Katanga ingekuwa gizani. Lakini kila mkono unalinda chake. Hapa Katuba naijua mitaa ambamo shule tatu za mikono mitatu zinaonana kwa macho, kila moja ina pédagogie, kila moja ina mwalimu mmoja wa hesabu aliyechoka, na hakuna hata moja yenye sayansi kamili. Zingeweka pamoja walimu wale watatu na vyombo vichache walivyonavyo, lingetoka darasa moja la sayansi la kweli. Hazifanyi hivyo, kwa sababu mtoto akivuka barabara, minervali yake inavuka pamoja naye. Mkono mmoja haulei mwana, na hapa mikono ni mitano na mwana bado analia.

Najua pingamizi. Prefe mmoja ninayemheshimu aliniambia: mwalimu, ukitaka sayansi kila mahali utapata sayansi mbovu kila mahali, heri shule chache zilizo imara. Nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, na nusu yake nalikubali. Opsio ya sayansi iliyofunguliwa kwa karatasi tu, yenye kibali cha wizara lakini bila mwalimu wala chombo, ni kumwibia mzazi. Ni afadhali isiwepo. Kwa hiyo siombi kila shule ya Lubumbashi iandike sayansi kwenye ukuta wake. Ninachoomba ni kwamba mtoto yeyote wa komini yoyote awe na shule moja ya umma yenye sayansi iliyo kamili, mahali anapoweza kufika kwa miguu yake na kurudi kabla ya giza. Nusu ya pili ya neno lile siikubali. Shule chache imara, zikiwa zote upande mmoja wa mji, si mpango wa elimu. Zinawalea watoto wa jirani tu.

Na msiniambie hakuna haraka. Haraka ipo, na ina tarehe. Watoto walioingia la kwanza Septemba 2019, wale wa mwaka wa kwanza wa msingi wa bure, walimaliza la sita mwaka 2025. Mwaka huu wa masomo wako la saba. Mwaka 2027 watafanya TENASOSP, na Septemba 2027 watabisha hodi kwenye humanités. Tunawajua kwa wingi wao, maana tulikaa nao wengine wakiwa sakafuni, watatu hata wanne kwenye dawati la watu wawili. Wazazi wao wengi ni wale ambao wasingeweza kulipa hata msingi. Watoto hawa wakifika wakute sayansi iko mjini tu, kwa nauli na pesa ya labo, basi ubure wa msingi utakuwa umewaleta mpaka mlangoni na kuwaacha nje.

Tufanye nini? Nina mapendekezo yangu. Mengine ni ya serikali, mengine ni yetu wenyewe, na yale yetu wenyewe ndiyo ninayoyapenda zaidi kwa sababu hayangojei saini ya mtu.

La serikali ni kwanza orodha. Bwana sous-proved, ofisi yako ina maandishi ya kila shule: opsio zake, walimu wake, nani kamekanizwa, yaani kaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na nani hajalipwa bado, nani amesoma nini. Tunaomba orodha hiyo ibandikwe mahali ambapo mzazi anaweza kuisoma kabla ya kuandikisha mtoto, na iseme bila kuficha: shule hii ina sayansi na ina mwalimu wa fizikia, hii ina sayansi lakini haina. Hilo halihitaji bajeti. Pili, vibali vipya vya opsio vitolewe kwa kutazama ramani. Mtu akiomba kufungua pédagogie ya tano katika mtaa mmoja, aulizwe kwanza habari ya sayansi. Tatu, bunge la mkoa linakaa kujadili bajeti katika kikao chake cha Septemba. Barua yetu iwe imefika mezani kwa wabunge wa mji kabla ya hapo, ikitaja komini kwa jina na kiasi cha vyombo vinavyohitajika, maana barua inayosema tunaomba msaada wa elimu inasomwa na kuwekwa chini ya nyingine.

Kwa upande wetu, nianze na vyombo. Labo kamili ni ghali, lakini sanduku si ghali hivyo. Nazungumza juu ya sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, ndani yake ampermita mbili, voltmita mbili, waya, taa ndogo, lenzi na vioo, mizani, mirija ya kioo, karatasi za kupimia asidi, na betri ya gari kando yake ili SNEL ikikata umeme somo liendelee. Sanduku moja kwa shule nne zilizo karibu: Jumatatu na Jumanne liko hapa, Jumatano liko kwa Wamethodisti, Alhamisi kwa Wakimbangu, na kuendelea. Linaandikwa katika daftari kila likitoka na likirudi. Waya na taa tunazitoa kwenye redio zilizokufa. Mafundi wa soko la Kenya watatusaidia, tayari wawili wameniahidi. Ampermita na mizani lazima zinunuliwe, na hapo ndipo kamati za wazazi zitaingia.

Halafu walimu. Wanafunzi wa ISP, chuo cha ualimu cha Lubumbashi, na wa UNILU wanaosoma hesabu, fizikia na kemia wanatafuta mahali pa kufanya stage, yaani mazoezi ya kufundisha, kila mwaka, na wanakimbilia shule za mjini kwa sababu ndizo zilizo karibu na mabweni na ndizo zinazowajua. Hatujawahi kuwaita. Prefe zetu waandike pamoja, barua moja kwa jina la shule zote za komini, waseme tuna nafasi na tutawasaidia nauli. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo, akisimamiwa na mwalimu mzee, ni bora kuliko saa tupu.

Na Jumamosi mchana. Kuna watoto walioko pédagogie na coupe-couture leo ambao kichwa chao kiko kwenye hesabu. Hao hawawezi kubadili opsio kwa urahisi, lakini wanaweza kusoma. Tufungue darasa la Jumamosi la hesabu na fizikia, bure, kwa mtoto wa shule yoyote ya mkono wowote. Wakija na wasichana, na naomba hasa waje wasichana, tumalize kabla ya saa kumi na moja ili wafike nyumbani jua lingali juu. Wazazi msiwape kazi ya maji saa hizo. Mpeni kaka yake.

Wenye pesa za kutosha wameshaondoka kwenda shule binafsi za mtaa wa Golf, na siwalaumu. Kila mzazi anamtafutia mwanawe. Lakini wakiondoka, wanaondoka pia na sauti yao, na katika mikutano ya kamati tunabaki sisi ambao prefe anaweza kutuambia njooni kesho. Hiyo ndiyo sababu nataka tuwe wengi siku tutakapokwenda, na twende pamoja, Katuba na Kenya na Annexe, Mkatoliki na Mmethodisti na Mwislamu, barua moja mkononi.

Mpango ni huu. Rasimu ya barua iko mezani pale, karibu na mlango, mama mwandishi wa kamati yuko nayo. Isomeni kabla ya kutoka, na mahali msipokubaliana nayo andikeni pembeni. Kando yake kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya walimu: anayefundisha hesabu, fizikia, kemia au biolojia, aandike shule yake, madarasa anayoshika, na saa mbili kwa juma anazoweza kutoa. Ya pili ni ya shule zitakazopokea sanduku. Prefe aweke jina, aseme ni chumba gani chenye kufuli kitakachotumika, na ufunguo atakaa nao nani. Fundi umeme niliyemtaja yuko hapa ukumbini, ameketi safu ya tatu, amekuja na ampermita yake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokuja na wazazi wao wabaki nusu saa. Tutaunganisha waya.